Ukisimama, Naye Asimame

Simu ya Dahabo iliingia asubuhi nikiwa nyumbani kwangu Hola, nachambua mchele kwenye ungo, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshajua. Dahabo hapigi simu asubuhi. Ni muuguzi Garsen, na asubuhi zake ni za wagonjwa. "Mwalimu," alisema, "Akko ametangulia. Alfajiri, kabla ya adhana. Tunazika leo." Akko maana yake bibi katika lugha ya Kiorma, na bibi yake huyo nami nilimwita hivyo hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakunipa nafasi ya kumwita vingine. Nikasema yale tunayosema sote, pole, Mungu amrehemu. Kisha nikamuuliza kama marehemu mwenyewe alivyonifundisha: ameenda vipi, alikula nini jana, alisema nini, nani alikuwa karibu. Naye akanieleza yote bila kuruka kitu, kuanzia maziwa nusu kikombe aliyokunywa magharibi mpaka mguu wa kushoto alioomba anyooshewe. Tulipokata simu nilivuta raba zangu kutoka chini ya kitanda, nikazitia mkobani pamoja na leso ya msibani. Binti yangu akaniangalia. "Mama, raba za nini matangani?" Nikamwambia nitamweleza nikirudi. Nimerudi, nimejaribu kumweleza mara mbili, na mara zote mbili sauti imenikatikia njiani. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, ule mwaka baada ya mafuriko ya El Niño. Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa hazina kazi hapa. Itoshe kwamba mimi ni Mpokomo wa Ndera, kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kwamba nilikuwa mnene. Si mnene wa kusingiziwa. Nilikuwa mnene wa kugeuka ubavu mlangoni, na wala sikuwa na neno na hali hiyo. Nilipelekwa kufundisha shule ya msingi Garsen, nikapanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Zaituni. Kilikuwa cha udongo, na alama ya mafuriko ilikuwa bado ukutani, mstari wa kahawia juu kidogo ya kitanda changu, hata nikilala chali nilikuwa najua maji yangenipita kwa kiasi gani. Chumba kilinuka matope na iliki. Matope ni ya mto. Iliki ni ya mahamri ya Mama Zaituni, ambayo aliyakaanga kila alfajiri upande wa pili wa mabati, nami nikiyala manne kwa mbaazi za nazi kabla sijaenda shule, matano siku za Ijumaa. Hayo mabati hayakuzuia sauti hata kidogo. Maneno yote ya hotelini yaliingia kwangu: nani kaoa, lori la nani limekwama, maji yamefika wapi. Niliijua Garsen yote kabla Garsen haijanijua.

Shuleni tulikuwa walimu tisa na mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema aliyependa michezo kupita kiasi, na muhula wa kwanza aliona jambo lililomnyima usingizi. Kulikuwa na msichana wa darasa la saba, Dahabo, mwembamba, mrefu, mkimya, aliyetoka manyatta iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Kila asubuhi alipeleka maziwa ya bibi yake mjini, akarudisha vibuyu nyumbani, kisha akaja shule, na hayo yote kwa mbio, kwa sababu akichelewa alikuwa akilia. Siku ya michezo ya madarasa alikimbia na wavulana akiwa amevaa akala za matairi na sketi ya kufika kwenye kifundo, akawaacha nyuma wote, kisha akaomba radhi. Mwalimu mkuu akaapa kumpeleka kwenye mashindano ya wilaya Hola. Lakini bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi yake alikuwa amekataa mara mbili. "Mwalimu Rehema," akaniambia, "wewe ni mwanamke. Twende ukamwombe."

Nyumba ya Akko ilikuwa ya mviringo, ya mikeka na nyasi, na ndani kulikuwa na giza tulivu lenye harufu ya moshi. Vibuyu vya maziwa vilining'inia pembeni. Yeye aliketi kwenye kigoda kifupi, mwanamke mkavu mwenye macho makali, akatupa chai yenye maziwa mengi na ladha ya ule moshi, na hakuuliza shida yetu mpaka tumemaliza vikombe. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na hakikujali ngeli, lakini sijapata kusikia mtu aliyesema anachotaka kwa uwazi kama yeye. Mwalimu mkuu akaeleza habari za Hola, za mita elfu tatu, za mtoto kujitayarisha kila siku barabarani. Akko akamwacha amalize.

"Mtoto hapana kimbia peke yake," akasema. "Njia ya maziwa iko karibu. Ile ya mbali iko na watu, iko na nyati, iko na gari. Mwanamke mkubwa nakwenda na yeye." Akanigeukia. "Wewe."

"Akko, mimi sikimbii."

"Miguu iko?"

"Iko."

"Ngapi?"

"Miwili."

"Basi." Kisha akaweka sharti lake, polepole, akinitazama machoni. "Yeye nakimbia, wewe iko nyuma. Macho yako napata yeye kila saa. Wewe ikisimama, yeye nasimama." Mwalimu mkuu hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Atakimbia, Mama, asubuhi ya kesho kutwa," kwa wepesi wa mtu anayetoa sadaka mbuzi wa jirani.

Barabara ya kutoka Garsen kwenda Minjila wakati ule ilikuwa tuta la udongo lililoinuliwa juu ya tambarare, na maji ya mafuriko yalikuwa yameling'ata pande zote. Chini ya tuta zilipita kalvati saba, mabomba ya saruji ya kupitishia maji, na hizo ndizo zilikuwa vipimo vyetu. Ili Dahabo awe tayari kwa Hola, mwalimu mkuu alitaka afike kalvati ya saba na kurudi. Asubuhi ya kwanza nilivaa raba za mtumba, nikafunga leso juu ya gauni, na kwa kuwa nilijua kazi ni ngumu nilikula mahamri matano ili nipate nguvu. Sikufika kalvati ya kwanza. Tumbo lilianza kupanda na kushuka kivyake, pumzi ikawa inaingia bila kutoka, na mbele yangu yule mtoto alikuwa anarukaruka mahali pamoja kama ndama aliyefungwa kamba, maana nilikuwa nimesimama, na nikisimama naye asimame. Nilipotapika aligeuza uso kuelekea mtoni kwa heshima. "Pole, Mwalimu," akasema kwa mgongo wake. Mbio zake za siku ile zilikuwa fupi kuliko njia yake ya maziwa.

Kesho yake hotelini, upande wa pili wa mabati, nilisikia sauti ya mwanamume ikiuliza, "Yule mwalimu mnene anakimbia nini?" Mwingine akajibu, "Kakimbiwa na bwana, anamfuata." Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Mama Zaituni akawaambia wanyamaze, mwalimu wa watu kalala hapo, naye mwenyewe nikamsikia anacheka puani. Nililala pale nikitazama ule mstari wa maji ukutani, nikiwa na hasira na dunia nzima: na mwalimu mkuu, na yule bibi na sharti lake, na zaidi ya wote mtoto mwenyewe kwa kuzaliwa na miguu ile. Leo naona aibu kuliandika hilo, lakini nimejifunza kutoruka kitu. Wiki tatu zilipita nikifika kalvati ya kwanza kwa kujikongoja, na siku njema ya pili. Mtoto mwenye uwezo wa kufika Minjila na kurudi kabla chai haijapoa alikuwa amefungwa kwenye kiuno changu. Kila nilipoinama kushika magoti nilikuwa namwibia, nami nilijua.

Hapo sina budi kueleza desturi moja, maana ndiyo iliyonikamata. Kila tuliporudi tulipitia kwa Akko, tukaketi, tukapewa chai, naye akauliza, "Habari ya njia?" Sisi tuliolelewa kando ya mto, na watu wa pwani yote hii, tukiulizwa habari tunajibu "salama" hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yetu, mabaya yatakuja baadaye, polepole, baada ya maji ya kunywa. Kwa hiyo nilijibu, "Salama, Akko." Sikujua kwamba kwa wafugaji wale habari ya njia si salamu. Mtu akifika huketi akaeleza alikopita: nyasi zikoje, maji yako wapi, amekutana na nani, mnyama gani ameacha unyayo. Hatakiwi kupunguza wala kuongeza. Dahabo alieleza kila siku, ndege wangapi, gari la nani, nami nilidhani ni ukimya wake tu unaomwagika akiwa nyumbani. Mwisho Akko alikuwa na swali lake moja zaidi, la kwangu. "Mlisimama?" Nilijibu ukweli: ndiyo, Akko, tulisimama. Alitikisa kichwa akanijazia kikombe.

Wiki ya nne nikapata akili, kama nilivyodhani. Baada ya kalvati ya pili kulikuwa na kichaka kikubwa cha mti wa mswaki kando ya tuta. Nikamwambia Dahabo, "Wewe nenda mpaka ya saba urudi. Mimi nitakungoja hapa." Alinitazama sana. "Na Akko?" Nikasema Akko hayupo hapa, na mashindano hayangoji. Akaenda. Nilikaa nyuma ya kile kichaka, kivulini, nikatoa mahamri mawili niliyoyafunga kwenye leso, nikala nikitazama korongo wakipita juu ya maji. Ilikuwa asubuhi tamu. Dahabo alirudi ametota jasho, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nami nikajisifu kwamba nimetatua shida ya watu watatu kwa mahamri mawili. "Mlisimama?" Akko akauliza. "Hatukusimama," nikasema. Dahabo akatazama mkeka. Siku ile hakueleza habari ya ndege.

Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne tulipoingia tulimkuta Guyo, mchungaji wa ng'ombe wa jirani, anakunywa chai. Alikuwa kijana wa mkuki na redio, mcheshi, na siku hiyo hakucheka. Akko akanimiminia chai yangu kama kawaida. "Habari ya njia?" "Salama, Akko." "Mlisimama?" Nilimtazama Guyo, nikatazama vibuyu, na bado ulimi ukajiendea wenyewe. "Hatukusimama."

"Guyo naona mtoto yangu kalvati ya sita," Akko akasema, bila kupandisha sauti. "Peke yake. Naona mwalimu nyuma ya mswaki. Nakula." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kalvati mbili. Nikaanza kusema kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba mashindano yako karibu. Akainua kiganja. "Mimi kijana kama wewe," akasema, "tulihama na ng'ombe. Mtu natoka mbele, tunauliza habari ya njia. Nasema salama, maji iko. Yeye hapana fika kule. Naona haya kusema hapana fika. Tukaenda siku mbili. Maji hapana. Mtoto yangu ya kwanza nakufa hapo. Yule mtu hapana baya. Nasema salama tu." Kisha akachukua kikombe changu, kikiwa bado na chai, akakiweka upande wake. "Kesho hapana kukimbia."

Sijui kama nimewahi kujisikia mdogo kama siku ile. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa kitu kingine. Mama Zaituni alinisikia akaniletea mahamri, nikamrudishia sahani ikiwa imejaa. Shuleni mwalimu mkuu alizunguka kama mtu aliyefiwa. Lakini kilichoniumiza ni Dahabo. Nilimwita nyuma ya darasa kumwomba radhi, na yeye, akichora chini kwa kidole cha mguu, akasema, "Mwalimu, mimi sikuwa na haraka. Ningekungoja." Ningepigwa kofi ningepata nafuu.

Jumamosi nilitoka alfajiri peke yangu, bila kula. Nilitembea tuta lote mpaka kalvati ya saba na kurudi, na mara ya kwanza nikalitazama. Jua lilipopanda nilikuwa mlangoni kwa Akko. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikaketi mkekani, na bila kuulizwa nikaanza kutoa habari ya njia. Nilisema kalvati ya tatu ukingo umemomonyoka upande wa kulia, ndama anaweza kutumbukia. Nilisema kuna unyayo wa kiboko unaovuka tuta kabla ya kalvati ya tano, mpya, unaelekea shambani. Nilisema nyasi za upande wa magharibi ni ndefu lakini bado zina maji, na kwamba nimekutana na wanawake wawili wenye mikeka na mzee mwenye punda mchechemeaji. Halafu nikasema yaliyobaki: nilikaa nyuma ya mswaki siku nne, nilikula, nilidanganya mbele ya mtoto, na nilifanya hivyo si kwa ajili yake bali kwa sababu naogopa kuchekwa na nachukia kuumia. Nilieleza mpaka nikaishiwa. Akko alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, na nilidhani amelala. Alichukua kibuyu, akamimina maziwa nusu kikombe, akanipa.

"Sasa umefika," akasema.

Tulirudi barabarani Jumatatu, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyenifundisha kukimbia, yule bibi ambaye sijamwona hata akitembea haraka. Alinikataza kula kabla. Maziwa nusu kikombe, basi. Alinifunga leso yeye mwenyewe chini ya tumbo, akaikaza kwa goti lake mgongoni mwangu mpaka nikaguna, akacheka, "Mpokomo najua kafi na mtumbwi, hapana jua miguu." Akaniambia nikimbie kama mtu anayefuata ng'ombe, si kama anayefukuzwa nao: mwendo wa kuweza kusema jina lako na la baba yako bila kukatika. Nikaenda hivyo, taratibu kama mtu aliyebeba mtungi. Naye Dahabo tukampa njia yake ndani ya sharti: atoke mbio mpaka mwisho wa macho yangu, ageuke, anirudie, atoke tena. Kwa hiyo kila nilipofika mbali zaidi, yeye alikuwa amekimbia mara tatu ya hapo. Wiki ile kalvati ya pili. Wiki iliyofuata ya tatu, na kila kurudi nikatoa habari yangu, ukingo, unyayo, nyasi, na nilisimama wapi. Hotelini nikasikia sauti ileile ikisema, "Bwana mwenyewe huko aliko ameshachoka kukimbia," na mara hii nami nilicheka, kwa nguvu, makusudi, wakajua mabati yana masikio.

Asubuhi moja Dahabo alinirudia, akageuka, lakini hakutoka mbio tena. Alikimbia kando yangu, kimya, akitabasamu mbele. Nikamuuliza ana nini. "Mwalimu," akasema, "hii ni ya saba." Nilitazama chini, na kweli, maji yalikuwa yanapita chini yetu kwenye ile saruji iliyopasuka, na mimi nilikuwa bado napumua. Nilifurahi kama mtoto. Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwahi kujua kwamba mwili wangu ungeweza kunifikisha mahali.

Hola, uwanja ulikuwa wa vumbi na mistari ya chokaa. Wasichana wa shule nyingine walivaa bukta. Dahabo alivaa sketi yake ndefu na mtandio aliofunga nyuma ya shingo, miguu mitupu. Mizunguko saba na nusu. Aliposimama kwenye mstari alinitafuta kwa macho, na hapo nikakumbuka kwamba hakuna aliyeniondolea sharti. Nimeahidi kuwa nyuma yake kila akimbiapo, wala hatukusema isipokuwa Hola. Filimbi ilipolia nami nikatoka, nje ya chokaa, na leso yangu na raba zangu za mtumba. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu wa kipaza sauti akasema, "Yule mama nje ya mstari, shule gani hiyo?" na nilimwona mwalimu mkuu akiteremsha kofia yake mpaka puani. Nilikimbia. Wasichana walinipita mara moja, wakanipita tena. Lakini niliondoka kwa mwendo wao, si wangu, na mzunguko wao wa tano, karibu na vyoo, pumzi ikaniishia, nikasimama nikashika magoti.

Nilipoinua kichwa Dahabo alikuwa kona ya mbali, wa kwanza, na alikuwa ameangalia nyuma. Aliniona. Nikaona miguu yake inapunguza. Msichana mmoja akampita, wa pili akampita, na yeye anazidi kupoa, anasimama, kwa sababu mwalimu wake amesimama na yeye alikuwa mtoto wa kushika neno. Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Nenda!" nikapiga ukelele. "Dahabo, nenda! Niache!" Alisita hatua mbili, tatu. Kisha akaenda. Alimkamata mmoja mbele ya meza ya waamuzi. Wa kwanza hakumfikia. Akapewa sufuria na madaftari, naye akanikabidhi sufuria niibebe.

Garsen tulifika kesho yake. Akko alituketisha, akatupa chai, akasikiliza habari ya njia kutoka Hola, kijiji kwa kijiji. Sufuria hakuitazama. Halafu akanigeukia. "Mlisimama?"

"Mimi nilisimama, Akko. Mzunguko wa tano. Yeye hakusimama, lakini ni mimi niliyemwambia asisimame. Sharti nimelivunja mimi."

"Yeye naangalia nyuma?" akauliza.

"Aliangalia."

"Wewe nasema nini?"

"Nilimwambia nenda."

Akaitwaa ile sufuria, akaipiga kwa kucha kusikiliza bati lake, akaiweka pamoja na vyombo vyake. "Basi," akasema. "Yeye najua kuangalia nyuma, najua kwenda. Sasa yeye nakimbia peke yake. Mwalimu, kazi yako nakwisha."

Nililala usiku ule nikiwa huru. Alfajiri nikasikia mafuta ya Mama Zaituni yanaanza kulia, na harufu ya iliki ikaja, na mikono yangu ilikuwa inafunga leso chini ya tumbo bila mimi kuiagiza. Nilipopanda tutani Dahabo alikuwa mbele. Alipunga mkono, akatoka, akafika mwisho wa macho yangu, na kwa mara ya kwanza akaupita. Nilibaki na barabara tupu. Nilifurahi, nililia, na niliendelea kukimbia. Dahabo hakuwa bingwa wa dunia. Alikimbia mpaka Mombasa akashindwa, lakini shule ya upili ilimpenda kwa miguu yake ikamchukua, na huko akapenda sayansi. Mimi nimekimbia tangu hapo, Garsen, Hola, popote nilipohamishiwa, mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe. Umri huu, wenzangu wengi wanameza vidonge vya presha. Kila ninapopimwa na kuambiwa niko sawa, namkumbuka mtu aliyeniuliza miguu ni mingapi.

Nilifika msibani alasiri, wanaume wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Nilikaa na wanawake, nikalia nao, nikala nao. Asubuhi Dahabo alinikuta nafunga raba. Naye akaenda kuvaa zake. Tuta sasa ni lami na kalvati zimejengwa upya, lakini kichaka cha mswaki bado kipo, kimenenepa kama nilivyokuwa mimi. Dahabo ana goti bovu siku hizi, na nilikuwa mbele. Tulipofika pale kichakani macho yangu yakajaa, nikawa sioni lami wala tambarare, nikasimama. Nyuma yangu nikasikia nyayo zake nazo zinanyamaza.

Tuliporudi tuliingia nyumbani kwa Akko kama kawaida yetu, tukaketi mkekani, tukasubiri. Tulikuwa tumekaa kitambo kabla hatujajua tunachosubiri. Kigoda kilikuwa pale, na ile sufuria ya Hola, imepondeka, nyeusi, ilikuwa kando yake. Dahabo akafunika uso kwa mtandio. Basi nikajiuliza mwenyewe habari ya njia, nikajibu kwa sauti, nikikielekea kigoda: nyasi zimepungua upande wa magharibi, mto uko chini, nimekutana na Guyo ambaye sasa ana mvi, naye amekulilia.

"Na tulisimama, Akko," nikasema. "Mimi nilisimama. Yeye hakuambiwa na mtu, naye akasimama."